Picha ya Mapenzi Iliyonigeuza Muuaji

Jumamosi, Butimba. Tangu asubuhi mawingu yamesimama juu ya ziwa kama wageni wasioalikwa: kunyesha hayanyeshi, kuondoka hayaondoki. Joto limebana. Na mimi nimenuna, na nikinuna mimi mtaa mzima unajua kuna tatizo.

Nimezinguliwa.

Nianze na sifa zangu, maana leo hakuna mwingine atakayezitoa. Sura ninayo. Sauti ninayo. Shule niliishia kidato cha pili, lakini mdomo wangu haujawahi kuishia popote. Ukibisha, waulize kina mama pale sokoni ninapopaa samaki, wengine wanajua kupaa vizuri tu lakini wananiletea mimi ili wanisikie nikiongea. Kwa hiyo Doto aliponitafuta niwe steringi wa picha yake sikushangaa. Nilishangaa kwa nini kachelewa.

Doto ana kistudio cha picha za pasipoti, na harusi zikitokea anapiga video. Akaniambia anatengeneza picha ya mapenzi ya kuchekesha, Posa ya Kisesa. Kijana wa samaki kutoka mjini anampenda binti wa Kisesa, anahangaika na mama mkwe, vicheko mpaka mwisho, ndoa. Nikamwambia hapo hujaandika picha, umeandika maisha yangu.

Maana mimi nina Koku. Koku ni Mhaya, Mlutheri, na mama yake ni mwalimu. Huyo mama, Ma Koku, alikuwa bado hajaamua kama mimi ni mtu wa kukaribishwa ndani au wa kujibiwa getini. Kesho baada ya ibada ndiyo siku niliyopewa ya kwenda kujitambulisha. Nikaona niongeze mbinu: leo aione picha kwanza. Aone nilivyo na adabu kwa mama mkwe, nilivyo mchangamfu, kesho nikifika awe ameshanizoea. Koku aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia aache woga.

Mama akaja kweli. Kitenge cha kanisani, mkoba mapajani, akakaa benchi la mbele kabisa kwenye kibanda cha video. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuza shingo.

Mwanzo wa picha ni mbaya, lakini ni ubaya wa kawaida. Upepo wa ziwani unasikika kuliko waigizaji. Mimi nimevaa shati moja kuanzia siku ya kukutana na binti mpaka siku ya posa. Na kwa kuwa Doto kompyuta yake inajua harusi tu, kila tukio likiisha mioyo myekundu inapeperuka kwenye kioo chote. Lakini watu walicheka. Kuna mahali napiga magoti mbele ya mama mkwe na kapu la nyanya linanimwagikia kichwani. Hapo niliona mabega ya Ma Koku yakitikisika. Nikajisemea, mwanaume, umeshaoa.

Sasa, Zawadi, yule msichana aliyecheza mchumba wangu, aliondoka kabla hatujamaliza. Shangazi yake alimwita Nansio, akapanda meli, akazima simu. Hilo nililijua. Doto alinituliza, akasema nisijali, atarekebisha kwenye kompyuta.

Kumbe kurekebisha kwake ni kumuua.

Ghafla kinanda kikaanza kunguruma. Tukaonyeshwa ufukwe, mawe, na kiroba cha dagaa kimelazwa kimefunikwa kitenge cha Zawadi. Ndiyo maiti hiyo. Akatokea polisi, yaani yule mlinzi wa duka la jirani na Doto, na sare yake ya ulinzi na kandambili. Akafyatua bastola hewani, ikalia kama mlango wa choo. Alikuwa anamtisha nani, sijui, ufukweni hapakuwa na mtu.

Nilikasirika, lakini nilitulia. Nilitaka kumjua muuaji.

Muuaji nilikuwa mimi.

Naapa, sikuigiza kuua hata sekunde moja. Kulikuwa na tukio nampaa sato wa kumpelekea mama mkwe, huku naongea kwa simu na rafiki yangu. Ndilo tukio zuri kuliko yote, maana kisu mimi nakijua. Doto akamwondoa sato kabisa. Akabakiza uso wangu unaotabasamu, kisu kinachong'aa, na maneno yangu kama yalivyo: "Nimempata alfajiri, bado mbichi kabisa. Nimempasua tumbo, utumbo nimetoa, damu nimeosha ziwani. Kichwa namwacha nacho, mama mkwe anapenda kichwa."

Kibanda kizima kikapiga ukelele. Halafu mioyo myekundu ikapeperuka juu ya kiroba.

Mwalimu wangu wa Kiswahili alinichapa sana kwa sababu ya ngeli, na mimi nikaona ni ugomvi wa bure. Leo nimeelewa. Ningekuwa napika muhogo ningesema nimeumenya, nimeukata, na nisingemtisha mtu. Lakini samaki Kiswahili kimempandisha cheo, kimemweka ngeli moja na Zawadi. Nimempasua ni nimempasua tu.

Koku alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, anacheka mpaka machozi. Wa kunitetea ndiye huyo. Ma Koku hakucheka. Alikuwa ameukumbatia mkoba.

Nikasimama mbele za watu. Sijui nani alinituma.

"Mama, yule alikuwa sato."

Jamaa mmoja akadakia kutoka nyuma: "Kaka, hata mimi mpenzi wangu namwita sato, lakini simpasui."

Basi. Baada ya hapo hakuna aliyesikia picha tena, na hakukosa kitu. Polisi wa kandambili anafuata magamba ya samaki mpaka mlangoni kwangu, anainua mkono kugonga, na neno MWISHO linatokea. Hagongi. Kama umeamua kuniharibia jina, niharibie kwa picha yenye mwisho! Kuchekesha haikumaliza, kutisha haikuweza, ndoa hakuna, kesi hakuna.

Nje nilimkuta Doto anapokea pongezi. Nikamwambia ameniuza kwa wakwe. Akanishika bega, anacheka, eti watu wamenipenda kuliko mwanzo na anafikiria sehemu ya pili.

"Kwanza shukuru," akasema, "Zawadi kafa, wewe mzima. Steringi hafi."

Nikajikuta nimeshukuru. Mimi, na mdomo wangu huu.

Ma Koku alitoka wa mwisho. Nikaenda kumsindikiza nikiwa na maelezo yangu yote tayari, ya Nansio, ya simu iliyozimwa, ya kompyuta ya harusi. Hakunipa nafasi. Aliniangalia mikono kwanza, yote miwili, ndipo akaniangalia usoni.

"Kesho uje kama tulivyosema," akasema. "Uje mchana. Kiti chako nitakiweka karibu na mlango."

Akafungua mwavuli wake, na mvua hakuna, akaondoka.

Koku anasema mama yake ametania, eti kwao utani mzito unatolewa kwa uso mkavu. Lakini Koku huyo alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko, siwezi kumfanya shahidi. Nimeugeuza huo usemi jioni nzima. Angekuwa hanitaki angesema nisije. Angekuwa ananitaka, kiti kingekuwa popote.

Nitaenda. Shati nimeshafua, na si lile la kwenye picha. Ila najiuliza, na naomba jibu lipatikane kabla ya ibada kuisha: mtu akiwekewa kiti karibu na mlango, amekaribishwa, au ameonyeshwa pa kutokea?