Mwalimu wa Rania Anakuja Mkekani Kwangu

Mkomani, Lamu
Jumanne, 24 Juni 2025

Anakuja. Mwalimu wa chuo kikuu, Bi Jerioth, anakuja mwenyewe hadi nyumbani kwangu kusikiliza maneno ya Rania.

Mpendwa ndugu yangu Alawiya, assalamu alaikum. Nisamehe, habari imenitoka kabla ya salamu. Hujambo huko Mombasa? Shemeji yangu Bwana Jaafar je, na lile goti lake? Sisi wazima, alhamdulillahi.

Wajua mwanangu Rania anasomea maneno. Si kuyasema, ni vile yanavyoundwa. Mimi wa darasa la saba nimeelewa, basi wewe hushindwi. Chukua kupika. Kile kipande cha ndani, pik, ndicho mzizi. Ukikibandikia vipande mbele na nyuma wapata mpikaji, tumepikiana, hakikupikika. Vipande hivyo ndivyo viambishi. Juzi nilikuwa nikivibandika peke yangu jikoni mpaka wali ukaungua.

Rania alitakiwa alete maneno mia mbili ya kina mama wa mtaani. Na waijua nti yetu hii ya Lamu: nani atakubali sauti yake itiwe kwenye simu, isikizwe na wanaume asiowajua? Nikamwambia niachie mimi. Miezi mitatu, kila baada ya Alasiri, nimekaa na washona kofia. Wao washona na kuzungumza, mimi naandika daftarini. Nikapata mia mbili na kumi na tisa. Hati yangu bado nzuri, Rania mwenyewe amekiri.

Kosa langu moja: sikuandika nani kasema nini. Niliwasitiri. Jina la Bi Hadia, mmoja wao, litembee Nairobi kwenye makaratasi, angenisamehe? Basi mwalimu akalikataa daftari zima. Akasema maneno yasiyo na wenyewe hawezi kuyapokea, tena yameandikwa na mama wa mwanafunzi. Bila hayo, Rania hapati shahada mwaka huu.

Mtoto alilia siku mbili. Mimi sikulia. Nilichukua simu nikamwambia, "Mwalimu, wenyewe wapo. Kwenye simu hawaingii. Njoo uwasikie."

Akauliza boti ya kuvukia huku kutoka Mokowe yaondoka saa ngapi.

Nimeshapita nyumba kwa nyumba. Bi Hadia alisema hana la kumwambia mtu wa bara. Nikakaa ndani kwake hadi Magharibi, akakubali ili niondoke. Sharti lao ni wanawake peke yao, na simu zote ziwekwe kikapuni mwangu.

Sasa wewe. Maneno kumi na saba ni yako, uliyoyasema ulipokuja kushona kofia ya Bwana Jaafar. Siwezi kuyasema kwa niaba yako. Kuwasemea watu ndiko kulikotuponza. Usinipe udhuru wa wageni wala wa mabasi. Ndia ya kuja kwetu waijua.

Nisalimie Bwana Jaafar na wanao Nur na Razan, uje nao wote; Bwana Jaafar atatungoja barazani. Mola awafikishe salama. Ni mimi dada yako Shifa, nikupendaye, ninayewangoja nyote Jumamosi tarehe 12 Julai, siku anayokuja mwalimu, baada ya Adhuhuri.