Keko Si Karibu na Chuo, Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huitikii, na hilo nalo linaniudhi, maana nina jambo la kugombana nawe na wewe umeondoka kabla hatujagombana.

Unakumbuka siku mliporudi kutoka Tabora? Nilikuwa na miaka mitano. Mliniacha kwa bibi kule Njombe miaka miwili, wewe ukasome ualimu, mama akupikie. Ulishuka kwenye gari na sanduku la bati na suti ya kahawia iliyokuzidi mabega. Bibi akaniambia, "Kamsalimie baba yako." Nikajificha nyuma ya kanga yake, nikatoa kichwa tu, nikasema, "Shikamoo, mgeni." Watu wote walicheka, na wewe ulicheka kuliko wote. Mama ndiye aliyekuja kuniambia, nikiwa mkubwa, kwamba baadaye ulizunguka nyuma ya jiko ukakaa huko peke yako mpaka chai yako ikapoa. Kila Krismasi uliwasimulia wageni kisa hicho kama kichekesho, lakini mwishoni ulikuwa unaangalia chini.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma shahada Dar es Salaam, nilijua utasema nini. Mama alisema niwaache watoto kwake, miaka mitatu si mingi. Ukamkatiza. "Watoto hawabaki. Aendako, aende nao." Elia alikuwa na miaka sita, Furaha mitatu. Baba yao habari zake unazijua, sina la kuongeza.

Hapo nilikushukuru, Baba, na mpaka leo nakushukuru. Kilichofuata ndicho kinachonichoma.

Ulikuwa umekaa uani, blanketi mabegani na jua kali vile, ukampigia mdogo wako wa Keko. Uliweka spika, maana hukuwahi kuamini simu ambayo nyumba nzima haiisikii. Ukamwambia, "Mtafutie binti yangu chumba hapo hapo kwako. Sitaki akae kwa watu baki na watoto wadogo." Baba mdogo akauliza, "Chuo chenyewe kiko upande gani, kaka?" Ukamjibu, "Si hapo hapo Dar?"

Nilikuwa pembeni yako nachambua maharage. Nilikuwa nimeshafika Dar mara mbili, nikajua kabisa kwamba Keko iko Temeke na chuo kiko Kinondoni, ng'ambo ya pili ya jiji. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Ulikuwa mgonjwa, na siku ile ulikuwa umefurahi. Baba mdogo alijua kuliko mimi, ana miaka ishirini Dar, lakini mkubwa akishasema, sisi tunaitikia tu. Akasema, "Sawa, kaka." Miezi miwili baadaye tukakuzika, na neno lako likabaki bila mtu wa kulibadilisha.

Sasa nikwambie Keko ikoje. Nyumba ya baba mdogo inatazamana na karakana yake. Mashine za kuranda zinaanza kulia kabla watoto hawajanywa uji, na vumbi la mbao linaingia kwenye uji huo huo. Elia amenogewa. Siku hizi akiona lori la misonobari kutoka Njombe limeshusha anapiga kelele, "Mbao za kwetu hizo!" na mafundi wanamcheka. Furaha anakohoa wakipaka vanishi. Baba mdogo na mkewe, mama mdogo, wametupa chumba kizuri cha mbele, na baba mdogo mwenyewe aliwachongea watoto kitanda cha mninga, akawapa kabla hajamalizia cha mteja. Sina cha kulalamika juu yao. Hilo ndilo linalonikera zaidi, Baba, maana ningekuwa na wa kumlaumu ningelala vizuri.

Natoka saa kumi na moja alfajiri watoto wamelala. Narudi saa mbili usiku, mara nyingi wamelala. Katikati yake nabadilisha magari mawili kwenda na mawili kurudi, na foleni ikikaza nachelewa hata hivyo. Mwezi uliopita mhadhiri mmoja alinikuta mlangoni mara ya tatu akaniuliza, mbele ya darasa zima, "Mwalimu mwenzangu, kwani unakaa wapi?" Nikasema Keko. "Halafu unasoma hapa?" Darasa likaangua kicheko. Jaribio lake nilikuwa nimelikosa nusu nzima. Mimi, Baba, niliyekuwa nawasimamisha watoto wa darasa la nne kwa kuchelewa dakika tano!

Hayo yote ningeyavumilia. Mimi ni mtoto wako, kichwa kigumu nimekirithi.

Ila Jumamosi moja sikuwa na kipindi. Nilikuwa nafua uani, Furaha anakimbizana na wenzake, akajikwaa kwenye rundo la mbao, goti likachanika. Akalia, "Mama! Mama!" Niliacha nguo kwenye beseni, nikapiga goti, nikamfungulia mikono yenye povu. Alikuja mbio. Akanipita. Akaenda moja kwa moja kumkumbatia mama mdogo miguuni, akaficha uso kwenye kanga yake.

Mama mdogo wa watu aliona aibu mpaka akashindwa kumbeba. "Usijali, mwanangu," akaniambia, "mtoto huyo, atazoea tu."

"Atazoea nini, mama mdogo? Kunizoea mimi?"

Akainama kumfuta Furaha goti kwa ncha ya kanga. Yeye ndiye anayemwogesha, anayemlisha, anayejua kwamba siku hizi hataki tena ndizi. Watoto wake wanamwita mama, na wangu amefuata. Nilirudi kwenye beseni nikasugua shati moja mpaka kola ikaanza kutoa nyuzi. Nilikuwa na hasira nawe kiasi kwamba nilisema kwa sauti, "Umeona sasa?" Elia akauliza naongea na nani.

Uliogopa umbali wa Tabora, Baba. Mimi nimefanikiwa kupotea nikiwa chumba kimoja na mtoto, kitanda kwa kitanda. Na nimepotea kwa sababu yako, na kwa sababu ya mdomo wangu nilioufunga nikichambua maharage. Siwezi kukuachia lawama yote, ingawa leo ningependa.

Zuhura, ninayesoma naye, ndiye aliyenizindua. Nilikuwa nasinzia maktaba akanipiga kiwiko. "Dada, we utakufa. Hapa Kijitonyama kwa mamkubwa wangu kuna chumba, unatembea dakika ishirini uko darasani. Chekechea ipo mtaa wa pili. Mie sikuelewi, unang'ang'ania Keko una nini huko?"

Nikamwambia kuna ndugu. Akanitazama kama hajasikia vizuri. "Si utakuwa unaenda kuwasalimia?"

Nilikwenda kukiona chumba. Kidogo, dirisha moja, lakini nikiwa na kipindi cha saa tatu nitawanywesha uji mwenyewe na kumfikisha Furaha chekechea, na saa kumi nitamkuta mlangoni. Niliyahesabu hayo masaa njiani kurudi kama mtu anayehesabu maembe ya kwake.

Kazi ikawa kumwambia baba mdogo. Nilisubiri Jumapili, tumetoka kanisani, mashine zimelala, tunakunywa chai. Nikasema tumepata chumba karibu na chuo, tungependa kuhama. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea kitu, baba mdogo."

"Ni mama yako mdogo? Sema tu. Kama ni chakula, kama ni watoto, sema."

"Hapana. Watoto mmewalea kuliko mimi. Ndiyo shida yenyewe."

Hakunisikia, au hakutaka kunisikia. "Kanisani watasemaje? Binti wa marehemu kaka kapanga kwa watu baki, na mie nipo hapa na nyumba? Na neno la marehemu je? Alinikabidhi. Wewe ulikuwepo, ulisikia."

"Nilisikia. Na wewe ulijua ni mbali, ukasema sawa."

Mama mdogo akaangalia pembeni. Nilijua nimevuka mpaka, na sikuweza kurudi nyuma. "Marehemu ni baba yangu," nikasema. "Nitamwambia mwenyewe."

Akanyanyuka, chai ikiwa nusu, akaenda karakana kukaa kati ya makochi yasiyo na vitambaa. Siku nne hakusema nami. Alikuwa anaitikia salamu tu. Mama mdogo alifunga nguo za Furaha bila kuambiwa, akazikunja upya mara mbili, na mimi nikajifanya sioni analia, kwa sababu ningeona ningesema basi, tunabaki.

Leo asubuhi nimemkuta baba mdogo mlangoni, amesimama kwenye vumbi lake, penseli sikioni. Nikampa shikamoo. Akaitikia, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umeshamwambia?"

Sikuelewa. "Nani?"

"Baba yako. Ulisema utamwambia mwenyewe."

Alikuwa hatanii, Baba. Mzee mzima, mvi zimeshajaa, amekaa siku nne anasubiri ruhusa yako. Nikasema bado. Akasema, "Mwambie basi. Usihame hujamwambia. Mie siwezi, alishaniambia nikae na wewe."

Kwa hiyo leo sikwenda kipindi cha kwanza. Nimekaa kwenye kitanda cha watoto nikuandikie. Keko ni mbali, Baba. Ulikosea, na mimi nilijua nikanyamaza, na mdogo wako alijua akanyamaza, kwa sababu tulikupenda na ulikuwa unaumwa. Jumamosi nawahamisha watoto wangu Kijitonyama. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Yeye mwache, alifanya yote uliyomwagiza.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
mama yao Elia na Furaha