Kapata, Nyumba ya Mapasa

Fungurume, siku ya tano, 12 mwezi wa saba 1974

Citoyen Ilunga, adabu ulizaliwa nayo ao uliinunua pamoja na ile abacost, koti ya Chama? Mi natwanga sombe, yeye anafika, hasalimie mutu, anasimama na biatu juu ya mboga yangu. "Citoyenne, wewe njo mama ya shujaa?" Nikamujibu: "Mi njo Mama Mapasa. Toa kwanza ile miguu."

Anatoka ku Chama ya serikali, Kolwezi, kule kila mutu banamuita citoyen, mwananchi. Anasema nyumba yetu ya zamani ya Kapata baliitengeneza, batu bakuje kuona fasi mutoto wangu Kyungu alikomalia. Ilikuwa nyumba ya kampani. Bwana wangu alipokufa, balitutosha na bitanda byetu mu barabara. Sasa ile ile nyumba banataka mi njo nikate kamba ku mulango. Nafurahi. Nilizaa mutu.

Kabange hakufurahi. Yeye na Kyungu ni mapasa, nilibazaa siku moja, Kyungu mbele, yeye nyuma. Anauzisha sombe hapa ku soko ya Fungurume. Aliuliza: "Na mi?" Ilunga akajibu: "Kiti ni moja tu." Kabange akashika mutwangio. Alitwanga mupaka mboga ikakuwa maji.

Siku ya posho, 13

Nimemuambia tutaenda bote. Hataki. "Mama, enda na kiti yako." Kinywa ya baba yake, kabisa.

Niandike, maana batu banasahau. Wakati ya Babeleji, ku magasin, duka yabo, mutu mweusi alinunuaka ku kadirisha ya pembeni, kama mbwa anangojea mufupa. Siku moja Kyungu na Kabange baliingia na mulango ya mbele. Bote. Baliomba sabuni. Balipigwa, bote. Kyungu balimufunga, balimupeleka mbali, akafia kule. Banaume ya Kapata nabo balikatala kadirisha, mupaka ikafungwa. Kabange alirudia na meno yake mu kitambaa. Chama hakiyauliza ile meno iko wapi.

Siku ya kwanza, 15

Nilipanda camion, nikaangalie mbele ya sikukuu ya kukata kamba. Kapata baridi na vumbi. Nyumba ya mustari wetu balipakala chokaa, ku barabara tu. Nyuma ni moshi kama zamani. Nikacheka. Nikagusa ukuta. Nikalia kidogo, nikaacha.

Ndani: kitanda moja. Sahani moja. Kikombe moja. Picha ya Kyungu. Ku mulango, mbao: "Hapa alikomalia Kyungu. Peke yake alikatala kadirisha."

Peke yake!

Damu ilinipanda. Mapasa, ukipa mumoja nguo, unapa na mwenzake. Ukisalimia mumoja, unasalimia na mwenzake. Hata mumoja akikufa, hausemi "peke yake". Ile neno hatuisemi mu nyumba ya mapasa. Inaita kifo ya mwenye kubakia.

Ilunga anasema: "Citoyenne, shujaa ni mumoja. Mapasa ni mambo ya mukini, ya kijiji kule."

"Si ni ninyi mulitunyanganya majina ya ubatizo? Mulisema turudie ku ya bankambo, bazee ba zamani. Ya bankambo njo hii. Ao bankambo benu balikaaka Bruxelles?"

Ilunga mbao hakuitosha. Eti rangi ilikwisha kukauka, na mukubwa wa Chama anakuja siku ya posho.

Siku ya ine, 18

Kabange hasemi na mi. Nimeshona nguo mbili, kitambaa moja. Yake nimeiweka ku kitanda. Hakuigusa.

Kama hayuko, sitakata kamba. Bafunge nyumba yao. Nimesema.

Siku ya posho, 20

Nimefika na nguo yangu mupya. Batu, bendera, ngoma. Kiti moja. Mbao ni ile ile. Mukubwa amenipa makasi. "Mama ya shujaa, kata."

Nimekaa. Makasi juu ya mapaja. "Sikati. Mutoto wangu mumoja hayafika."

Ilunga jasho, na ile baridi yote. "Citoyenne, unatuletea haya!"

"Nilikuambia siku ya kwanza, mapasa ni babili. Masikio uliacha wapi?"

Basoda ba mukubwa, na bunduki, banaangaliana. Mi sikusimama.

Kisha, nyuma ya batu, nyimbo. Nyimbo ya mapasa. Ile ni matusi tupu, na mwenye kutukanwa hana ruhusa ya kukasirika. Anacheka, anatoa kitu. Njo kawaida yetu. Balianza na Ilunga, matako yake mu ile abacost. Bakapanda ku mukubwa: ile tumbo ni mimba ya mapasa ao ni bukari, ugali ya batu? Bamama ya Kapata bote bakaitikia. Mukubwa ni Muluba kama sisi, anajua. Akacheka mupaka machozi. Akavula kofia yake, akaniwekea ku mapaja.

Nikaangalia nani anaanzisha. Kabange. Na ile nguo. Kinywa wazi, mapengo yote inje.

Tulishika makasi mikono yetu yote. Yeye njo aliingia wa kwanza. Alisimama mbele ya picha. "Yaya, ndugu yangu, balikupa sahani moja? Njo maana ulikonda."

Siku ya yenga, 21

Tumelala kwa jirani wa zamani. Asubui hakuna mutu ku ile nyumba. Kabange amefagia lupango, ile kiwanja ya nyumba, bila kuambiwa. Amekaa ku mulango, jua mu uso. Ameniuliza kama aseme na batu juu ya meno. Nimemuambia kinywa ni yake.

Hatulii. Tumekunywa chai.

Kesho Ilunga alete rangi na burashi. Afute "peke yake", yeye mwenyewe, na mukono yake. Jina Kabange aiandike pembeni ya Kyungu, hapana chini, herufi ukubwa moja. Na mbele ya kugusa mbao, atusalimie. Bote.