Kamshafti Niliyoifunga Makwale

Durban,
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu,

Mwagonile. Shikamoo. Mgongo unaendeleaje baada ya kuvuna mpunga? Na mama, presha imetulia? Mimi mwili ni mzima, kazi ipo, baridi imeanza. Wali wa huku hauna harufu yoyote, naula kwa sababu ya njaa tu.

Najua unashangaa kwa nini juzi nilimpigia mama nikamwomba aufiche ufunguo wa pikapu, nikakataa kusema sababu. Sababu ni hii ninayoiandika. Kwenye simu ungeniuliza maswali nami ningeanza kukwepa, kama nilivyokwepa tangu ajali ile. Barua hii anaileta mtu wa Ipinda anayerudi nyumbani. Naomba uisome mpaka mwisho.

Krismasi ile nilikuja na kamshafti mpya kwenye begi, kile chuma kinachofungua valvu za injini. Ulikuwa ukilalamika kwamba pikapu inachoka ikibeba magunia. Nikaifunga pale uani kwetu Makwale, majirani wamejaa, najiona fundi kwelikweli. Kwenye tambarare ya kwenda Ipinda gari lilichomoka, ukacheka mpaka ukapiga dashibodi. Lakini sailensa, ule mwendo wa injini gari likiwa limesimama, ilikataa. Ukitoa mguu kwenye mafuta, injini inatetemeka, inapanda, inashuka, inataka kuzima. Dawa yake sikuijua. Nikakaza skrubu ya throto, ule mlango wa hewa ya injini, ili ubaki wazi kidogo. Mlio ukapanda, nikakuambia imekaa sawa. Kesho yake nikapanda basi. Mdogo wangu Lugano peke yake ndiye niliyemnong'oneza, "Ikitaka kuzima, ichochee mafuta."

Haikupita hata wiki tatu. Mdogo wangu anapanda Tukuyu kwenye harusi, shangazi Tumpe nyuma na magunia ya mchele, anabadili gia, injini inazima, gari linarudi kinyumenyume mpaka mtaroni. Mkono wa shangazi haujanyooka hadi leo. Ukamnyang'anya Lugano ufunguo mbele ya ukoo mzima, ukasema hana akili ya usukani. Aliapa kwamba alikanyaga breki. Uliponipigia kuniuliza maoni yangu kama fundi, nilikujibu, "Lugano ana haraka siku zote."

Nilisema hivyo, Baba. Na skrubu niliikaza mimi.

Juzi gereji yetu ilipokea gari lenye ugonjwa uleule, limebadilishwa kamshafti, sailensa hamna. Bosi wangu, mzee asiyependa kelele, akafungua throto akanionyesha kibati cha duara kinachoziba njia ya hewa.

"Toboa hapa, tundu dogo. Injini ipate hewa yake bila kulazimisha kibati kibaki wazi."

Nikatoboa milimita mbili. Haikutosha. Nikaongeza mpaka tatu, nikafunga, nikawasha. Injini ikatulia, baada ya dakika chache hata mtetemo hukuusikia. Nikafurahi nikapiga makofi.

"Subiri kwanza," akasema. "Kanyaga breki."

Nikakanyaga. Ilikuwa ngumu kama nimekanyaga ukuta.

"Kamshafti ya namna hii inapunguza mvuto wa hewa unaosaidia breki, na tundu letu haliurudishi. Mwenye gari lazima aambiwe. Akipanda mlima na mzigo, injini ikamzimia, atakanyaga na gari litaendelea kurudi."

Sikushuka garini. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nina mdogo wangu nyumbani.

Nikampigia mama papo hapo. Lugano nilimpata jana, huko Matema anakobeba samaki wa watu tangu ulipomtoa kwenye gari. Nilimweleza yote bila kuacha kitu, nikisubiri anitukane.

"Kwa hiyo nilikanyaga?"

"Ulikanyaga."

"Kaka, mimi mwenyewe nilishaacha kuamini. Nilijua mguu uliteleza. Shangazi nimemwomba msamaha mara tatu."

Yeye ndiye aliyeniambia, "Basi, usilie."

Baba, usimruhusu mtu atoboe throto ya pikapu yetu. Huo ni utundu wa magari ya kushindania mbio, la kwetu linapanda milima na watu nyuma. Mwite fundi kutoka Kyela mjini arudishe kamshafti ya zamani na kuilegeza ile skrubu. Hiyo kamshafti ya zamani niliiviringisha kwenye gunia, ipo juu ya banda la kukaushia kakao. Kabla ya hapo gari lisitoke uani, hata wewe mwenyewe usiliendeshe.

Kisha mwite Lugano. Ufunguo ulichukuliwa mbele ya watu, naomba urudishwe mbele ya watu, na barua hii isomwe kwa sauti, pamoja na yale niliyokujibu kwenye simu. Kama baada ya hapo hutaki nikanyage kwako kwa muda, nitaelewa.

Mwambie mama ndaga fijo, asante sana, kwa kukaa na ufunguo bila kuuliza. Nisalimie mjomba wa Talatala na watoto wake, na mchungaji wetu. Shangazi Tumpe usimpe salamu zangu. Nimeshaomba likizo, nakuja kumwona mwenyewe.

Mwanao niliyekosa,
Ambokile