Sindano Nilizozikatisha

Kwa mume wangu Luqman,

Assalaam alaikum. Mama yako ameshaezeka jiko.

Nilikudanganya niliposema tumeruhusiwa; daktari hakuturuhusu kutoka hospitalini. Mwanetu, aliyezaliwa kabla ya siku zake, alikuwa bado ana vijidudu kwenye damu, na sindano za antibayotiki zilikuwa zimebaki za siku tisa. Nilichoka kumwona akidungwa, nikatoroka naye. Siku ya tatu akapoa mwili, akakataa ziwa. Nikamrudisha mbio.

Muuguzi Purity alimpokea, akasema, "Afadhali umekuja, mama." Natamani angenigombeza.

Dawa ilibadilishwa, na leo kipimo cha damu kimetoka safi, alhamdulillahi. Sindano bado zinaendelea.

Mama yako, ambaye naye bado anaamini tuliruhusiwa, akileta uji huwaambia wenzangu wodini kwamba nina subira. Mimi huinamia kikombe.

Mkeo, nikikuomba radhi,
Mwanaima