Nilimpungia Leso

Jumanne.

Nilimpungia leso. Hiyo ndiyo inanila roho.

Rubani wa ndege ya dawa alinifunza mwenyewe hapa Ikutha: "Mama, magurudumu yanakunjwa tumboni, pampu inayasukuma chini. Yakijifunga, taa tatu za kijani zinawaka. Moja ikikataa nitapita chini unitazamie. Yakiwa sawa, punga leso."

Leo alipita chini. Nilikuwa nafukuza mbuzi uwanjani, nikafurahi kumwona, nikapunga vile sisi husalimia ndege siku zote. Magurudumu sikuyatazama hata.

La kushoto lilikunjika alipotua. Amevunjika mgongo.

Jioni mkewe amenipigia simu. "Mungu akubariki, mama, kwa kumtazamia."

Nikasema amina.

Mume wangu, nitamwambiaje? Nijibu upesi.