Muhuri wa Wachelewaji

Mdogo wangu Kifimbo,

Kaka yako ni mzima, na lango la kiwanda bado liko chini ya utawala wangu. Miaka kumi na moja nawagongea wachelewaji muhuri mwekundu wenye lile neno la Kiingereza, "leti", na mwenyewe sijawahi kuchelewa hata dakika. Meneja mzima ananiogopa!

Juzi nilimuuliza karani, msomi wetu, neno hilo lilitoka wapi. Akafungua kamusi nene kama tofali. "Mzee, zamani sana halikuhusu saa. Lilimaanisha mtu mzito, aliyechoka." Nikacheka, kisha nikakukumbuka wewe.

Ulipofika baba ameshazikwa, nilikutukana kwa neno hilohilo mbele ya ndugu wote. Sikukuuliza umechokaje. Nisamehe. Tangu siku ile hujakanyaga nyumbani.

Sasa mama anapasuliwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Mara mbili amekataa kuingia chumba cha upasuaji. "Mpaka nimwone kitindamimba wangu," anasema, anageukia ukutani. Daktari ameniambia waziwazi kwamba hakuna mara ya tatu, uvimbe hausubiri.

Basi la kutoka huko kwako huingia saa mbili kamili, saa ileile ninayofunga lango. Alhamisi atafunga mwingine. Nitakuwa stendi nikikusubiri, na nikifika kazini karani atanigongea muhuri wangu wa kwanza. Nimeshamwambia atie wino wa kutosha.

Kaka yako,
Mkuu wa Lango